Uchovu wa baada ya matibabu ya saratani ni nini?

Uchovu wa saratani ni hali ya kuishiwa nguvu za mwili na akili ambayo hailingani na kazi aliyofanya mtu, na ambayo haiondoki kwa kulala. Mara nyingi huanza wakati wa matibabu yenyewe, iwe ni dripu za kemo (dawa za kuua seli za saratani), mionzi au upasuaji. Kwa wengi hupungua taratibu katika miezi inayofuata. Kwa wengine huendelea mwaka mzima, hata miaka kadhaa, ilhali vipimo vinaonyesha saratani haipo. Huwapata wagonjwa wengi sana, lakini wengi hawautaji mbele ya daktari. Mtu aliyeokolewa na kifo anaona haya kulalamika kwamba amechoka.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini haya hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu heshima ya mtu iko shambani. Mama aliyepata kemo na mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anarudi Mbeya safari ya zaidi ya kilomita 800. Nywele zimeanza kuota, uso umejaa, majirani wanamshukuru Mungu. Kisha mvua za Novemba zinaanza na kila mtu anashika jembe. Nyumba nzima imeshahesabu kwamba amepona, naye anashindwa kueleza kwa nini kuchota ndoo moja ya maji kunamlaza mchana kutwa.

Shangazi yangu wa Isyonje, huku Mbeya, baada ya matibabu yake ya saratani alikuwa akimenya viazi amekaa kwenye kigoda. Akimaliza vichache anaweka kisu kwenye beseni, mikono inabaki magotini, anatazama mlangoni kwa muda mrefu, halafu anachukua kingine. "Wifi, hata kazi ya kukaa inachosha?" aliulizwa siku moja. Aliyeuliza hakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Uchovu huu hauna chanzo kimoja. Kemo hushambulia seli zinazokua haraka, zikiwemo zile za uboho wa mifupa zinazotengeneza damu, hivyo damu hupungua. Aliyepigwa mionzi ya shingo anaweza kupata tatizo la thairoidi, tezi ya shingoni ambayo ikilegea hulegeza mwili wote. Mwanamke aliyekoma hedhi mapema kwa sababu ya dawa au mionzi ya nyonga huamshwa usiku na joto na jasho. Maumivu, hofu ya kliniki ijayo na huzuni isiyosemwa huongeza mzigo. Tena misuli huisha nguvu kwa kulala kitandani wiki nyingi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Isyonje ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo mwenye damu pungufu atahema zaidi akipanda kilima kilekile alichokuwa akikipanda na mzigo wa kuni.

Akili nayo huchoka. Mtu anasahau alichotumwa dukani, anapoteza hesabu ya chenji, anasoma ujumbe wa simu mara mbili ndipo auelewe. Si uchawi, na si kwamba amechanganyikiwa.

Kinachowaponza wengi, kwa maoni yangu, ni siku njema. Asubuhi moja anaamka mwepesi, anafua nguo zote, anapalilia mistari mitatu ya mahindi, anapika. Kesho yake na keshokutwa hainuki, na maneno yanaanza: "Mbona juzi aliweza?" Heri afanye robo ya kazi kila siku, apumzike kabla hajachoka, na ile kazi inayomaliza nguvu kabisa, kama kubeba maji, apewe mtu mwingine bila kusubiri aombe. Mama mkwe au mume ndiye mwenye uwezo wa kulisema hilo nyumbani likakubalika.

Lakini kulala tu hakumtibu, na hapa ndipo upendo wa familia unapokosea. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kuwa mazoezi mepesi hupunguza uchovu wa saratani. Mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2019 unataja dakika 30 za mazoezi ya wastani, mara tatu kwa wiki, kwa angalau wiki 12. Kutembea kunatosha. Aanze na dakika tano njia tambarare, aongeze kidogo kidogo, na aulize kwanza daktari kama saratani ilifika kwenye mifupa au kama ana tatizo la moyo.

Akienda kliniki, aupe uchovu wake namba: sifuri ni kutokuwa nao kabisa, kumi ni ule mbaya kuliko wote anaoweza kuufikiria. Ikifika nne au zaidi, inastahili kuchunguzwa. Aseme pia unamzuia kufanya nini, kwa mfano "siwezi kusimama hadi ugali uive." Apimwe wingi wa damu (himoglobini), kipimo kinachopatikana hata hospitali ya wilaya. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Asikimbilie kununua vidonge vya madini ya chuma kwa kubahatisha, maana si kila upungufu wa damu unatokana na chuma. Kama alipigwa mionzi ya shingo, akumbushe apimwe thairoidi.

Uchovu uliokuwa umepungua ukirudi kwa kasi, au ukija pamoja na kukonda, homa, kutokwa damu, au kuhema hata akiwa amekaa, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aende hospitali siku hiyohiyo, na asiende peke yake.