Pedi na diski mpya za breki: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Lalamiko linalosikika sana Mwanza baada ya gari kubadilishiwa breki ni hili: wiki tatu za mwanzo lilikuwa zuri, kisha usukani ukaanza kutetemeka kila breki ikikanyagwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hukumu hutoka hapohapo: spea feki. Spea feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini diski nzuri (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi) iliyofungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, au iliyofungwa sawasawa ikaharibiwa kwenye kilomita za mwanzo, hutoa dalili ileile. Mwenye gari hununua diski nyingine, hufungiwa vilevile, na baada ya mwezi anarudi na lalamiko lilelile.

Dhana: Pedi mpya hukamata vizuri tangu unapotoka gereji

Pedi mpya na diski mpya ni nyuso mbili ambazo hazijakutana. Diski imetoka kiwandani na mistari midogo ya mashine, pedi nayo haijalingana na uso huo, kwa hiyo mwanzoni zinagusana kwa sehemu chache tu. Gari litasimama, ila litahitaji nafasi ndefu zaidi.

Joto la breki za mwanzo, ndiko kuzoesha breki, hufanya kazi mbili. Kwanza, hulainisha pedi ikalingana na diski na kupaka juu ya chuma utando mwembamba sana wa malighafi ya pedi. Sehemu kubwa ya ukamataji wa breki za kawaida hutokana na pedi kushikana na utando huo, siyo kusugua chuma kitupu. Pili, joto hutoa gesi zilizobaki kwenye gundi inayoshikilia malighafi ya pedi. Pedi mpya ikichemshwa ghafla, gesi hizo hutoka kwa wingi kati ya pedi na diski, na pedeli ikawa ngumu mguuni huku gari likiendelea kwenda. Ndiyo maana si busara kufungiwa pedi mpya kisha safari ya kwanza ikawa kushuka mlima wa Isamilo au Bugando hapa Mwanza na gari limejaa watu.

Kabla ya hayo yote kuna jambo la dakika moja ambalo limeshagongesha magari ndani ya ua wa gereji. Ili kuingiza pedi nene, fundi hurudisha ndani pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Mara ya kwanza pedeli itazama hadi chini bila breki yoyote. Pampu pedeli gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, kagua kiwango cha mafuta ya breki kwenye kikopo chake, ndipo uingize gia.

Dhana: Diski mpya ni safi, inatoka kwenye boksi inakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu

Diski nyingi hupakwa mafuta ya kuzuia kutu ili zivumilie safari ya meli na miezi ya kukaa dukani. Mafuta hayo yakibaki, pedi huyanywa. Pedi iliyokunywa mafuta haitibiki kwa kuchomwa wala kwa msasa. Ni ya kutupa. Dizeli haifai kabisa kusafishia, na petroli inayotumika gereji nyingi huacha masalia yake, mbali na hatari ya moto. Tumia dawa ya kopo ya kusafishia breki na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ikikosekana, maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo yanatosha, mradi diski ikaushwe vizuri mara moja. Diski zilizopakwa rangi ya kijivu ya kudumu hazihitaji kukwaruzwa. Pedi zenyewe zitaondoa rangi pale zinapopita.

Upande wa nyuma wa diski, unaokaa kwenye habu, ndio unaosahaulika. Kutu ya habu iondolewe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, hasa kuzunguka mizizi ya stadi (vyuma vinavyofungiwa nati za tairi), mahali brashi inapopita juujuu. Gamba moja la kutu lililobanwa hapo linatosha kuifanya diski iyumbe ikizunguka. Kwa Toyota nyingi ndogo, kikomo cha kuyumba ni milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Fundi mwenye geji ya mshale (kipimo cha sehemu ndogo za milimita) huipima kwa dakika tano: diski ibanwe kwa nati zote, mshale ugusishwe karibu na ukingo wa nje, kisha izungushwe mzunguko mzima. Ikizidi kikomo, diski ifunguliwe, isogezwe tundu moja la stadi, ipimwe tena. Mara nyingi hiyo peke yake hutibu.

Nati za tairi nazo zimo. Bunduki ya upepo hukaza moja kupita kiasi na nyingine nusu, na diski huvutwa upande. Nati zikazwe kwa kuvuka, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, na zimaliziwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Corolla, IST na ndugu zao huhitaji nyutoni-mita 103.

Grisi iwekwe kwenye pini za kalipa tu na pale masikio ya pedi yanapoteleza, tena iwe ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mipira ya pini, kalipa ikagoma kurudi, na pedi ya upande mmoja ikaisha kabla ya mwenzake.

Dhana: Diski bado mpya kwa hiyo pedi za zamani zitatosha

Pedi za zamani zimeshachongwa na mifereji ya diski ya zamani. Zikikutana na uso ulionyooka zinagusa kwenye matuta tu, matuta yanapata moto peke yake, na diski mpya inaanza maisha yake ikiwa na mabaka. Diski mpya ifungwe na pedi mpya, na magurudumu yote mawili ya ekseli moja yabadilishwe pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande.

Kinyume chake kinakubalika: pedi mpya kwenye diski ya zamani, ikiwa diski imenyooka, haina nyufa wala ukingo mrefu, na unene wake haujafika kikomo. Kikomo hicho kimechongwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida kwa herufi MIN TH na namba ya milimita. Piga msasa wa namba 80 hadi 120 pande zote mbili kwa miduara midogo ili kuondoa utando wa pedi zilizotangulia, hasa ukibadilisha aina ya pedi, kisha safisha.

Dhana: Kuzoesha breki ni kupiga breki kali tatu nje ya geti

Hili linaharibu pedi nyingi. Breki kali juu ya pedi baridi hupasha uso wa nje tu. Gundi huyeyuka juu, hukauka ikawa kioo, na pedi hupiga kelele kama filimbi huku inakamata kidogo. Kusimamisha gari kabisa diski zikiwa moto ni kosa jingine kubwa, na tutalirudia.

Boksi la pedi likiwa na maelekezo, yafuate hayo. Yasipokuwepo, kwa gari la kawaida la barabarani utaratibu huu ni salama.

Chagua asubuhi ya mapema barabara ikiwa kavu na tupu. Ukitokea mjini, tafuta kipande kilichonyooka baada ya Usagara kuelekea Misungwi au kwenye mchepuko wa Usagara–Kisesa, mbali na vijiji, kwa sababu mwendo wa 80 hauruhusiwi kwenye makazi na boda hutokea popote. Angalia kioo cha nyuma kila mara kabla ya kukanyaga. Anayekufuata hajui kwa nini unapunguza mwendo.

Anza na breki nane hadi kumi za kati kutoka 50 mpaka 10, bila kusimama. Nguvu iwe ile ya kupunguzia mwendo unapoona tuta kwa mbali. Kati ya breki moja na nyingine endesha nusu dakika hivi ili joto lienee. Kisha breki nyingine nane kutoka 80 mpaka 20, kwa nguvu kidogo zaidi, lakini tairi zisiburuzwe na ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga) isifanye kazi. Utasikia harufu ya kuungua. Ni ya kawaida. Ukiona moshi au pedeli ikianza kulegea, acha hapo hapo, endesha taratibu mpaka zipoe. Pedeli inayolegea na kuzama mara nyingi ina maana mafuta ya breki ni ya zamani. Mafuta haya hunyonya unyevu: aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishajaa maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140.

Ukimaliza, endesha dakika kumi hadi kumi na tano bila kugusa breki isipokuwa kwa dharura. Kipindi hiki cha kupoa ni muhimu sawa na breki zenyewe, na ndicho watu wanachokikatisha. Baada ya hapo, kilomita 200 hadi 300 za mwanzo ziendeshwe kwa upole, bila breki za ghafla wala mzigo mkubwa mteremkoni. Mteremko ukiwa mrefu, shuka na gia namba mbili.

Diski iliyozoeshwa vizuri huonyesha. Ule mng'ao wa mistari ya mashine hufunikwa na rangi ya kijivu iliyofifia, sawasawa kuanzia ndani hadi ukingoni. Ukiona baka jeusi lenye umbo la pedi, kuna mahali gari lilisimamishwa breki zikiwa moto.

Dhana: Usukani unatetemeka kwa sababu joto limepinda diski

Diski inayopindishwa na joto la uendeshaji wa kawaida ni nadra. Kinachotikisa usukani, mara nyingi, ni unene wa diski usiolingana. Tofauti ya karibu milimita 0.02 inatosha: pedi zikipita kwenye unene zinasukumwa, zikipita kwenye wembamba zinaachia, na msukumo huo hufika mikononi mwako.

Tofauti hiyo huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile diski inayoyumba kwa sababu ya kutu kwenye habu. Hata usipokanyaga breki, sehemu iliyotokeza hugusa pedi kila mzunguko na kuliwa kidogo kidogo. Ndiyo maana siku ya kwanza gari ni tulivu na mtikisiko hutokea baada ya wiki kadhaa, wakati hakuna tena anayeikumbuka ile brashi ya waya ambayo haikutumika.

Njia ya pili ni kukanyaga pedeli gari likiwa limesimama na diski zikiwa moto. Umeshuka mlima, au umetoka kuzoesha breki, ukafika kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga na mguu umekaa kwenye pedeli. Pedi hubandika malighafi yake mahali pamoja. Baka hilo hupata moto kuliko sehemu nyingine kila unapofunga breki, na joto likizidi nyuzi 650 hivi, chuma chini yake hubadilika kikawa kigumu zaidi kisilike kama jirani yake. Baka changa laweza kutoka kwa msasa na kuzoesha upya. Likishafikia hatua ya chuma kubadilika, kuchonga diski kwenye mashine huleta nafuu ya muda tu, kisha mtikisiko hurudi.

Kwa hiyo, diski zikiwa moto na umelazimika kusimama mahali tambarare, weka gia huru (N) na uachie pedeli. Handibreki haina neno ikiwa nyuma kuna dramu (breki za ngoma, si za diski). Kama nyuma kuna diski mpya na handibreki inabana diski hizohizo, usiivute mpaka zipoe. Weka kigingi kwenye tairi.

Nyingine mbili za haraka

Kutu ya kahawia asubuhi baada ya mvua au gari kulala karibu na ziwa siyo dalili ya diski feki. Diski ni chuma cha kutupwa na hushika kutu usiku mmoja; breki chache za upole huiondoa.

Kuosha gari mara tu baada ya kuzoesha breki, hapana. Maji baridi ya bomba juu ya diski yenye moto huibana ghafla upande mmoja na yanaweza kuipasua au kuipinda kweli. Subiri nusu saa, au mpaka ukisogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa usihisi joto. Gurudumu moja likibaki la moto sana wakati wenzake yamepoa, fungua kalipa hiyo uangalie pini zake kabla ya kusafiri.