Distoshoni kwenye sauti ya mwimbaji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Distoshoni, yaani mkwaruzo unaotokea sauti inapolazimishwa kupita uwezo wa chombo, ni kasoro, na kazi ya prodyuza ni kuiondoa.

Ukweli: Ile iliyoingia wakati wa kurekodi kwa sababu maikrofoni ilifunguliwa kupita kiasi, hiyo ni kasoro kweli, na hakuna plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) itakayoifuta kabisa. Inayowekwa kwa makusudi ni jambo jingine. Mwimbaji akishika noti ya Hz 200, sauti yake tayari ina hamoniki, yaani sauti za juu zinazoambatana na noti hiyo, za Hz 400, 600, 800 na kuendelea. Sachuresheni, yaani distoshoni nyepesi, huzitia nguvu zilizo hafifu na kuzaa nyingine juu yake. Ikwalaiza, kifaa cha kurekebisha besi na masafa ya juu, haiwezi hilo. Yenyewe hupandisha au kushusha kilichopo tu. Ndiyo maana sauti iliyofunikwa na gitaa huibuka ukiitia sachuresheni kidogo, hata kwenye spika ya simu isiyotoa besi: sikio hupokea zile hamoniki za juu na kuijaza noti ya chini lenyewe.

Dhana: Ni ya roki tu.

Ukweli: Studio za miaka ya 1950 zilirekodi kwa mitambo ya mirija ya kielektroniki na tepu za sumaku, na vyote hivyo huongeza hamoniki. Nyimbo laini za mapenzi zilipita humohumo.

Dhana: Nimeiwasha, imependeza, basi inafaa.

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Plagini nyingi za sachuresheni hupandisha volyumu, na sikio hupenda kilicho juu zaidi. Shusha volyumu ya kutokea mpaka ukiwasha na kuzima usisikie tofauti ya ukubwa, ndipo uamue. Nimeshaondoa sachuresheni nyingi baada ya jaribio hili, nyingine nilizokuwa nikizipenda sana.

Dhana: Ukitaka makali, ongeza tu kwenye sauti yenyewe.

Ukweli: Sikiliza neno “sisi”. Ile “s” hukaa juu, mara nyingi kati ya kHz 5 na 8, na ikipita kwenye distoshoni huchoma masikio. Ipunguze makali kwanza. Au tengeneza nakala ya sauti, ikate besi na masafa ya juu, itie distoshoni nzito, kisha uipandishe polepole chini ya sauti halisi. Ukianza kuisikia kama sauti ya pili, rudisha nyuma kidogo. Maneno yatabaki safi, na mwimbaji atasogea mbele.