Kipimo cha akili kilianzia kwa watoto waliokuwa wakishindwa

Wazazi wanaotuletea watoto kwa tathmini hapa Lamu aghalabu hutaka waambiwe namba: mwanangu ana akili kiasi gani? Namba hiyo ina historia yake, na haikuanza kwa kuwatafuta watoto hodari.

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliokuwa wakishindwa na masomo, ili wapate msaada. Binet alifariki mwaka 1911. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa maswali yale kwa sura mpya, na kuanzia 1921 akayatumia kuwasaka watoto wa ngazi ya juu kabisa, zaidi ya 1,500, wengi wao wa California. Walimu ndio waliopendekeza nani apimwe. Mtoto asiyependwa na mwalimu wake alikosa hata hiyo nafasi. Waliochaguliwa wakawa wengi wao Wazungu wa familia zenye uwezo. Tusilifiche hili: Terman aliamini kwamba kuna jamii zilizozaliwa na akili pungufu.

Wateule wake wengi walifanikiwa maishani. Ila William Shockley na Luis Alvarez, waliopimwa wakiwa wadogo na kuachwa kwa kutofikisha alama, walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968. Hakuna mteule hata mmoja aliyeipata.

Umoja wa Kisovieti (Urusi ya wakati huo) uliporusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, mwaka 1957, Marekani ilishtuka na mwaka uliofuata ikamwaga fedha kwenye hisabati na sayansi. Kwangu mimi, hatua kubwa zaidi ni ya 1978, Joseph Renzulli, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliposema kipawa kina mambo matatu yanayokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ile hali ya mtu kuishika kazi asiiache mpaka iishe. La tatu halionekani katika mtihani wa saa moja.

Kenya nayo, katika sera ya elimu maalumu ya 2009, iliwaweka watoto wenye vipawa miongoni mwa wanaohitaji huduma maalumu. Wazazi wengi hushangaa kusikia hivyo. Lakini mtoto aliyemaliza hesabu zake mapema na hana la kufanya ndiye huyo huyo anayeitwa mtundu na kutolewa nje.

Katika kijiji cha Matondoni, hapa kisiwani Lamu, majahazi huundwa bila mchoro wa karatasi. Fundi hupima kwa jicho. Kijana anayeuona mkunjo wa ubao kabla haujakatwa anaweza kuwa wa mwisho darasani, na shule isijue kabisa alicho nacho. Kwa hiyo mkimleta mtoto, msije na ripoti ya shule peke yake. Njooni na alichokiunda, daftari alilochorachora pembezoni, na maneno ya ustadhi wake wa madrasa au fundi anayeshinda naye. Msiwasahau wasichana pia, ambao kazi zao hufanyika ndani ya nyumba na ni nadra kuletwa kwetu.