snmpget ni nini, na kwa nini ikikaa kimya usikimbilie stendi

Ruta ikiwa mezani kwako huhitaji kitu hiki, unaangalia taa basi. Shida ni pale we umekaa Mwanjelwa, ruta iko Tukuyu, mvua za kule mnazijua, na mteja anapiga "fundi mtandao unakatakata", sasa utapanda kosta kila akipiga?

snmpget ni fanksheni (amri iliyo tayari) ya PHP, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kazi yake kukiuliza kifaa cha mtandao swali moja na kukuletea jibu. SNMP ndo lugha wanayoulizana, ipo toka 1988, na ruta, swichi, hata printa nyingi za ofisini zinaijua ila mara nyingi unaiwasha mwenyewe. Unaipa vitu vitatu, anwani ya IP, neno la siri (wenyewe wanaliita komyuniti) na OID, ile namba ndefu ya nukta nukta inayosema unataka kujua nini:

snmpget("192.168.10.1", "neno_letu", "1.3.6.1.2.1.1.3.0");

Hapo umeuliza "umewaka toka lini?" na jibu linakuja hivi: Timeticks: (1800000) 5:00:00.00. Hiyo milioni moja na laki nane ni mia za sekunde, kila 100 ni sekunde moja, jumla masaa matano toka iwake. Kwa hiyo kama hakuna aliyeigusa basi kuna uwezekano mkubwa umeme ulikatika, muulize mteja hilo kwanza.

Panapochanganya watu ni ikirudisha false, yaani haikupata jibu. Wengi wanaandika "ruta imekufa", sio lazima jamani. Swali linaenda kwa UDP (njia ya kutuma bila kuhakikisha limefika) kwenye poti 161, yaani mlango namba 161 wa kifaa, ni kama kupiga hodi, na ukikosea neno la siri kifaa hakikwambii umekosea, kinanyamaza tu. Au poti imezibwa njiani. Au umeongeza kitu cha nne kisicho cha lazima, muda wa kusubiri, ukaweka 2 ukidhani ni sekunde kumbe inahesabu maikrosekunde (milioni moja ndo sekunde moja), hapo hata ruta nzima haiwahi kujibu. Ukiacha ilivyo inasubiri sekunde 1 na kurudia mara 5, yaani kifaa bubu kimoja kinakula kama sekunde sita, vikiwa ishirini ukurasa wako umeganda dakika mbili.

Halafu "public", neno la siri ambalo vifaa vingi vinakuja nalo, libadilisheni, na SNMP toleo la 1 na 2c linalipitisha wazi kabisa, anayetaka kuficha atumie snmp3_get, ya toleo la 3.

Mi ikinyamaza napiga pingi kwanza (amri ya kuuliza tu kama kifaa kipo hewani), pingi ikijibu nakagua neno la siri, nauli inabaki mfukoni.