Ngano ikigeuka manjano kwa mabaka, chimba mizizi

Nikiitwa kutazama ngano iliyodumaa, mara nyingi mbolea imeshamwagwa, tena si mara moja. Siwalaumu wakulima. Majani ya manjano na mimea mifupi hufanana kabisa na upungufu wa naitrojeni au ukame. Ila baka likirudi palepale kila unapopanda ngano, mimi huomba koleo, nitafute nematodi, yaani minyoo wadogo sana wanaoshambulia mizizi.

Usiung'oe mche. Ukiuvuta, vijizizi vyembamba hukatikia ardhini, na ushahidi hubaki humo. Uchimbe pamoja na bonge lake la udongo, uloweke kwenye ndoo, kisha utikise taratibu. Ngano inapokaribia kuchanua, utaona vitone vyeupe, kama vichwa vya pini, vimeng'ang'ania mahali ambapo mzizi umejikunja na kuchipua vijizizi vingi kama ufagio. Hao ni majike wa nematodi aitwaye Heterodera avenae. Jike akifa, ngozi yake hukakamaa na kuwa ya kahawia, ikawa kifuko chenye mayai mia kadhaa. Hayaanguliwi yote msimu unaofuata. Mengine husubiri miaka. Uzuri ni kwamba nematodi huyu huishi kwa nafaka na nyasi za jamii yake. Misimu miwili ya mikunde humpunguza sana, mradi ung'oe shayiri mwitu na ngano iliyojiotea.

Usipoona vitone, usishangilie bado. Nematodi mwingine, Pratylenchus, ana urefu wa kama nusu milimita tu, hutoboa seli kwa sindano ya mdomoni na kusafiri ndani ya mzizi akiacha madoa ya kahawia. Huyo ni wa maabara: mizizi hukatwakatwa, hulazwa juu ya karatasi laini kwenye faneli yenye maji, na nematodi hujitokea wenyewe na kuzama chini.

Majibu yakiandikwa "nematodi wapo" bila jina la spishi, yarudishe. Nasisitiza hili kwa sababu Pratylenchus thornei hula dengu pia, na ndugu yake P. neglectus hustawi kwenye kanola, zao la mbegu za mafuta. Mkulima aliyebadilisha mazao kwa nia njema huenda anamlisha adui yuleyule.

Na kwenye mbegu, tenganisha mambo mawili. Aina inayovumilia itakupa mavuno, lakini nematodi wataendelea kuzaliana kwenye mizizi yake. Aina sugu ndiyo inayowazuia wasizaliane. Kwa shamba lililojaa, mimi hutafuta yenye sifa zote mbili.