Mwongozaji: kiongozi asiyeruhusiwa kutangulia

Katika mbio za wasioona, mwongozaji ni mkimbiaji mwenye macho anayekimbia bega kwa bega na mwanariadha asiyeona, wameunganishwa kwa kamba fupi ambayo kila mmoja ameshika ncha yake. Katika Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, mkimbiaji wa kundi la T11, kundi la wasioona kabisa au karibu kabisa, hashindani bila yeye. Katika mbio nyingi za uwanjani wakimbiaji wa kundi hilo huzibwa macho, ili anayehisi mwanga kidogo asimzidi mwenzake.

Kazi kubwa ya mwongozaji ni kusema. Kona hiyo inakuja. Kona imekwisha. Kuna mtu mbele, mpite kulia. Umebaki mzunguko mmoja. Haruhusiwi kumvuta mwenzake wala kumsukuma, na kwenye mstari wa mwisho asiyeona ndiye anayepaswa kuvuka kwanza. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Huku, mwongozaji akitangulia wanaondolewa wote wawili.

Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja, kuongoza, kwa anayemshika mkono kipofu barabarani na kwa anayesimamia ofisi au kijiji. Tumeizoea mno maana ya pili, ile ya cheo na kiti cha mbele, hata ile ya kwanza tukaisahau. Mimi naamini ya kwanza ndiyo mzizi, na hakuna aliyenionyesha hivyo kuliko Mkenya Henry Wanyoike.

Mwaka 1995, akiwa na miaka 20, Wanyoike alipata kiharusi kilichomwondolea karibu uwezo wake wote wa kuona kwa usiku mmoja. Mwaka 2000 alikuwa Sydney, kwenye Paralimpiki, akikimbia mita 5,000. Aliwaacha wenzake mbali. Lakini mwongozaji wake alikuwa mgonjwa, na nguvu zikamwishia kabla ya mwisho. Ikawa sasa asiyeona ndiye anayemhimiza na kumkokota mwenye macho. Wakavuka, na dhahabu ikawa ya Kenya. Ukiuliza nani alikuwa anamwongoza nani katika mita zile za mwisho, jibu ni kwamba kamba ina ncha mbili.

Tatizo la Wanyoike likawa kumpata wa kukimbia naye, kwa maana haitoshi mwongozaji kuwa na kasi sawa na ya mwenzake. Lazima amzidi. Anakimbia, anatazama, anapima mwendo wa wapinzani, na bado anahitaji pumzi ya kuzungumza. Aliyeiweza kazi hiyo ni Joseph Kibunja, rafiki wa Wanyoike tangu utotoni, na Athens mwaka 2004 wawili hao walishinda mita 5,000 na mita 10,000. Hapa ndipo mwalimu mkuu au msimamizi wa kiwanda angepaswa kutazama kwa makini: anayetumia pumzi yake yote kwa miguu yake mwenyewe hana ya kuwaambia wenzake kona iko wapi. Na hata akiwa na pumzi, akisema uongo kuhusu kona, anayeumia kwanza ni yule asiyeiona.

Siku hizi mwongozaji naye huvishwa medali pamoja na mwenzake, na ni haki yake.

Kamba nayo ina sheria yake: haiachiwi hadi mstari uvukwe. Katika maratoni ya Paralimpiki ya Paris mwaka 2024, Mhispania Elena Congost, mwenye uoni hafifu, alikuwa wa tatu, zimebaki hatua chache tu, mwongozaji wake alipokamatwa na misuli akaanza kuanguka. Congost aliiachia kamba kwa muda mfupi ili amdake. Akaondolewa kwenye matokeo, na shaba ikaenda kwa Misato Michishita wa Japani. Naielewa kanuni: bila hiyo, mtu angeweza kumwacha mwongozaji aliyechoka na kukimbilia medali peke yake. Lakini Congost hakumwacha mtu. Mkono wake ulifanya kile kile alichofanya Wanyoike kule Sydney, ila yeye aliondoka Paris bila medali.