Je, ufundi na kilimo ni vya waliofeli shule?

Mwanza wengi huamini kijana huingia kwenye ufundi au kilimo kwa sababu amefeli kidato cha nne. Lakini tazama kizimba cha sato ziwani, yaani wavu wa kufugia samaki hao majini: mfugaji hupima samaki wachache, akakadiria uzito wa wote, ndipo apange chakula. Akizidisha, mabaki huoza na oksijeni majini hupungua. Hiyo ni hesabu na baiolojia, tena ya kila siku! Fundi umeme naye asiyejua kukokotoa unene wa waya anaweza kuunguza nyumba ya mtu.

Kipato hupanda na kushuka, ni kweli. Ukitaka kuhakiki, nenda Kirumba au Igoma hapo Mwanza, uliza mafundi watatu gharama za vifaa, kazi walizopata mwezi uliopita, na mwezi wao mbaya kuliko yote.